Uwanja Mmoja, Vijiji Viwili

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani, viongozi wa Kalembela na wa Barabara ya Saba, mapadri na wachungaji, wazazi, ndugu na watani zetu mliokaa juani kwa sababu turubai limetosha meza kuu tu:

Sisi wachezaji na kamati ya mashindano ya kwanza ya michezo ya hapa kwetu tunakuamkia kwa heshima. Shikamoo. Tumemtuma mwenzetu Josepha Niyokwizera, nahodha wa netiboli, atusomee risala hii, kwa kuwa sauti yake hufika mbali hata bila kipaza sauti, na kipaza sauti chenyewe unakisikia kinavyokoroma.

KARIBU

Karibu sana, Mheshimiwa. Tunajua barabara ya kutoka Ulyankulu imekuchosha. Tulikuwa tumeiandikia maelezo marefu kwenye sehemu ya changamoto, lakini kwa kuwa umepita mwenyewe tumeyafuta ili tusikupotezee muda.

HISTORIA YA UWANJA HUU

Hapa ulipokaa hapajawahi kulimwa. Wazee wanasimulia kwamba wapagazi waliokuwa wakipita kati ya Ujiji na Unyanyembe walitua mizigo hapa wakapika, na ardhi ikashindiliwa na miguu yao hadi jembe likagoma. Miaka mingi baadaye wazazi wa baadhi yetu walikimbia vita Burundi, wakapewa makazi upande wa magharibi, ndiyo Barabara ya Saba. Upande wa mashariki ni Kalembela, kwa Wanyamwezi na Wasukuma wenye ng'ombe wao. Kwa serikali sote ni kijiji kimoja, lakini katikati ukabaki uwanja, na kila upande ukauhesabu kuwa ndio mwisho wa kwao. Tulisalimiana sokoni na tulizikana. Kucheza pamoja, hapana.

JINSI MASHINDANO YALIVYOANZA

Mwaka huu, masoko ya tumbaku yalipofungwa, tuliamua tuandae mashindano. Hakuna kati yetu aliyewahi kuandaa, na ilionekana. Kikao cha kwanza kilivunjika kwa sababu kila upande ulitaka kombe liitwe kwa jina lake. Kombe lenyewe halikuwepo. Barabara ya Saba wakajitoa kwa hasira, na Kalembela wakasema basi, watacheza wenyewe kwa wenyewe.

Siku ya ufunguzi, mwamuzi wetu Mwalimu Damas alisimama katikati na filimbi mpya iliyonunuliwa Tabora mjini, akaipuliza kwa pumzi yake yote. Mheshimiwa, katika kuhangaika na nyavu na jezi tulisahau jambo ambalo hapa hata mtoto analijua. Filimbi kwetu ni ya ulinzi wa sungusungu, na ikilia mchana kweupe maana yake ni moja tu: ng'ombe wameibwa. Watu walitupa majembe. Wanaume walikuja na marungu na pinde, akina mama na michi. Wachezaji wenyewe, kwa mazoea, waliuacha mpira wakakimbilia porini kuwasaka wezi. Mwalimu Damas akabaki peke yake uwanjani na filimbi mdomoni.

Waliofika wa kwanza walitoka Barabara ya Saba, wake kwa waume, wanahema. Kamanda wa sungusungu wa Kalembela, Mzee Ezekia, alipoelezwa kilichotokea alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akawatazama wale watu vizuri, na kicheko kikamwisha. Alimgeukia Mama Mektilda Nimbona aliyekuwa bado ameshika mchi.

"Mama, kwenu hakuna hata ng'ombe mmoja. Mmekimbilia nini?"

"Filimbi haikutaja ng'ombe ni wa nani, baba."

Sisi wa Kalembela tuliona aibu, na leo tunaisema mbele yako: watu tuliowanyima jina kwenye kombe lisilokuwepo walikuwa tayari kuumia kwa ajili ya mifugo yetu. Sisi wa Barabara ya Saba nasi tuliona haya, maana asubuhi ile tulikuwa tumejifungia majumbani tukiwaombea mvua iwanyeshee.

Kikao kilifanyika palepale, watu na marungu yao. Ikaamuliwa pasiwe na timu ya upande wowote. Kila mchezaji aliingiza mkono kwenye kibuyu cha mbegu, na alichotoa ndiyo timu yake: Karanga, Kunde, Choroko au Njugu Mawe. Mwalimu Damas naye alikabidhiwa kengele ya ng'ombe, na tangu siku hiyo ndiyo anayochezeshea.

MAFANIKIO

Mheshimiwa, mashindano yamefika fainali bila mtu kupigwa, ukiacha golikipa wa Kunde aliyegongana na mlingoti. Mabinti wa netiboli wamejaza watazamaji kuliko wanaume, jambo ambalo wanaume wameombwa walikubali kwa utulivu. Ndoa moja imetangazwa kanisani, bwana harusi ni wa Choroko na bibi harusi ni wa Karanga. Wazee wa pande zote mbili wanakaa benchi moja na wanataniana kupita kiasi. Tunafurahi sana, hatuwezi kuficha.

CHANGAMOTO

Mipira imechakaa. Mistari tunachora kwa majivu ya mabani ya kukaushia tumbaku, na usiku ng'ombe wanakuja kuyalamba, kwa hiyo kila asubuhi uwanja huanza upya.

Changamoto nyingine ni ile uliyoiona ulipokuwa unashuka kwenye gari. Pale karibu na katikati, chini ya lile gunia, pana kigingi cha mpaka. Tumekifunika ili mchezaji asijikwae. Tumearifiwa kwamba kijiji chetu kitagawanywa viwili, na mpaka utapita hapo. Nusu ya mashariki itajengwa ghala, nusu ya magharibi itakatwa viwanja vya nyumba. Hatupingi kugawanywa. Tumeongezeka, na kila upande unastahili serikali yake ya kijiji na zahanati yake. Ila nahodha wa Karanga, Xavery, ni wa Kalembela, na golikipa wake Manirakiza ni wa Barabara ya Saba. Timu zetu zote ziko hivyo. Nusu ya uwanja haimfai hata mmoja wao.

OMBI

Tungeweza kukuomba mipira, jezi na nyavu, na ukitupatia tutapokea kwa mikono miwili. Lakini leo tuna ombi moja. Vijiji viwe viwili, uwanja ubaki mmoja, uandikwe kuwa mali ya vyote na usijengwe kitu. Tumeambiwa mapendekezo yapo mezani kwako na bado hujayatia saini.

HITIMISHO

Mheshimiwa, tunakushukuru kwa kuja, na tunamwomba Mungu akupe afya, hekima na safari njema ya kurudi. Atubariki na sisi tupate mvua za wakati.

Baada ya risala hii utakagua timu, kisha utaombwa kupiga mpira wa kuanzisha fainali. Wachezaji wa pande zote wamekubaliana kukusubiri. Kabla hujaupiga, tafadhali tuambie kama tunacheza fainali ya kwanza au ya mwisho.

Ni sisi,
Karanga, Kunde, Choroko na Njugu Mawe,
wa Kalembela na Barabara ya Saba.