Kocha Niliyemfungia Njia

Sikilizeni, wanangu, na wewe Naushad acha kuitazama hiyo droo, barua haimo tena, nimeilalia chini ya mto tangu jana, maana nawapenda lakini kwa jambo hili siwaamini. Zahira, sogea. Leo nasema Kiswahili kwa sababu kosa langu nililifanya kwa Kiswahili.

Mnajua nilikotoka. Nilipakua mizigo ya ndege uwanjani Malton, hapa Toronto, na kila Jumamosi nikaenda chuoni kuwafulia vijana jezi bure, hadi wakaniruhusu nibebe magongo ya kupigia mpira, kisha niwe msaidizi, na baada ya miaka kumi na minne wakanipa timu nzima ya besiboli, mimi Mhindi wa Tanga niliyekua nikicheza kriketi. Ukocha hupandwa hivyo, mtu akushike mkono akuvute juu, nami kila siku niliogopa kwamba yupo anayetaka kunivuta chini.

Msaidizi wangu alikuwa Wayne, mtoto wa mzee Onyango wa Downsview. Niliwafundisha wachezaji maneno machache, "chini", "nje", "polepole", nikawa nayapaza kutoka benchi ili mrushaji wetu ajue arushe mpira vipi na wapinzani wasielewe kitu. Kwenye fainali moja wapinzani walipiga kila mpira kana kwamba wanaelewa, wakatufunga vibaya. Nikajiuliza, nani hapa anajua Kiswahili? Wayne. Sikutafuta mwingine. Nilimfukuza mbele ya timu, akalia, akasema, "Haki ya Mungu, Mzee, si mimi," nami nikayaona machozi yale kuwa ndiyo ushahidi.

Wala sikuishia hapo. Chuo kikitaka kocha humpigia simu bosi wake wa zamani. Walinipigia, vyuo vitano, na kila mara nilisema, kijana hodari, ila mchungeni. Sasa ni miaka kumi na moja anapakua mizigo huko Malton.

Mwezi uliopita muuguzi wangu Elysée, yule Mkongo, alinisikia nikiongea Kiswahili na Zahira kwenye simu, akacheka. "Kocha, ile fainali mimi nilikuwa mchezaji, benchi la wapinzani wenu. Maneno yako nilikuwa nawatafsiria wenzangu tu." Toronto yote hii nilidhani Kiswahili ni changu na Wayne! Aibu ilinishika nikajifunika shuka.

Nyumba ya Unionville gawaneni sawa, na msigombee vyombo vya mama yenu. Chuo kinangoja nipendekeze atakayeshika nafasi yangu. Naushad, najua umeshawaambia watu ni wewe, na kazi unaiweza, lakini si kabla yake. Nimeandika Wayne. Barua ipelekeni kwa mkono, msiitume, vitu vinavyotumwa katika nyumba hii hupotea. Kisha mwende Malton wanapobadilishana zamu, mseme mbele ya wenzake kwamba hakutusaliti, kwa kuwa nilimwaibisha mbele ya watu. Akikataa kunisamehe, msibishane naye.

Shika, Naushad. Isome nisikie.

Usiikunje... nakuona. Usimpe dada yako, soma wewe. Ngoja... nivute pumzi. Haya. Taratibu, mwanangu.

Ndiyo... hilo jina. Mungu akuweke. Awaweke wote wawili, awape... watu wa kuwaamini, mimi nilishindwa. Rudia, baba. Rudia jina, sikusikia vizuri.