Mkataba wa Peke Yao

“Mnatukimbia, Radenko, semeni tu!” Vukosava, karani wa mahakama, alimwambia jirani yake, askari magereza, na abiria wote ndani ya basi wakageuka. Mimi niliacha hata kutafuna mbegu zangu za alizeti.

“Hatukimbii, dada. Kesho sisi askari tunapiga kura kujitoa kwenye chama chetu cha wafanyakazi cha pamoja, tujadiliane na serikali wenyewe. Wewe ukikosea, unafuta. Mimi nikikosea, nachomwa kisu. Mkataba mmoja utatufaaje sote?”

“Na sisi makarani tukigoma peke yetu, nani atashtuka? Nyinyi ndio meno yetu.”

“Meno gani hayo, ya kuwatafunia wengine tu?”

Mzee mmoja alicheka, akajifanya anakohoa.

Basi likasimama mtaani kwao. Vukosava alishuka kwanza, akageuka, akasema kwa upole, “Leo ni sikukuu ya mtakatifu wa nyumba yetu. Karibu chakula, Radenko.”

Radenko aliganda mlangoni. Kwetu siku hiyo jirani haalikwi, huja tu; anayealikwa ni mgeni.

“Miaka yote hii, Vukosava, umewahi kunialika?”

“Sijawahi,” alijibu. “Karibu.”