Kadi Ishirini na Tatu za Fundi Soli

Ndugu waombolezaji, karatasi iliyoandaliwa na kaka mkubwa wa marehemu ina mistari tisa, na dada yao wa mwisho, anayesoma hapa kwa niaba ya familia, ameikunja akaikalia, kwa hiyo vumilieni, hii ni ndefu kidogo.

Marehemu, fundi viatu mliyemzoea kwa jina la Soli, alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 katika chumba cha nyuma cha nyumba hiihii, mtoto wa pili kati ya watatu, akasoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia 1966 hadi 1972, kisha akajifunza ushonaji wa viatu kwa mjomba wake, aliyekuwa akimchapa kwa kipande cha raba kila aliporuka tundu la sindano, mpaka mkono ukanyooka.

Tarehe 3 Mei 1981 alifunga ndoa na mkewe, ambaye yupo hapa, wakajaliwa mabinti wawili, na mwaka 1987 akapata mkataba wa miaka miwili katika kiwanda cha mabuti ng'ambo, ulioisha tarehe 10 Juni 1989, wenzake wakapanda ndege, yeye akafunga begi la kilo kumi na nane mgongoni, akavaa mabuti aliyojishonea mwenyewe, akatembea siku mia moja katika milima ya hukohuko, akilala kwenye hema na mabanda ya wasafiri, kwani, kama alivyomwandikia mama, maisha yake yote amewashonea viatu wenye safari, acha naye aende.

Kila alipokuta posta alimwandikia mama kadi, kupitia sanduku la barua la kaka yake, mwenyekiti wa kamati ya tamasha la kijiji, ndiye yule wa mstari wa mbele mwenye koti la kijivu, na mama, aliyekuwa kitandani hajiwezi, kila siku alimuuliza kama mdogo wake ameandika, na kila siku alijibiwa bado, mama, huyo ameshakusahau.

Jumamosi tarehe 26 Agosti 1989, kati ya mbio za magunia na kuvuta kamba, mwenyekiti alipanda jukwaani na kadi ishirini na tatu, akazisoma kwenye kipaza sauti huku akiigiza na kutia chumvi, malengelenge ya mdogo wake yakawa kichekesho, mama nakukumbuka ikawa kichekesho, nanyi mkacheka, wengine mpo hapa, msiangalie chini. Mama, aliyeletewa na upepo vicheko tu bila maneno, alimuuliza binti yake aliyekuwa akimgeuza kitandani, leo kuna nini cha kuchekesha hivyo, na tarehe 2 Septemba akafariki akiamini mwanawe hakumwandikia hata mstari mmoja.

Soli alirudi tarehe 29 Septemba akakuta kaburi, kijiji kizima kikafyata ulimi, hadi mwaka uliofuata alipoletewa ngoma ya tamasha aishone ngozi, akafungua kasha la ngoma, akazikuta kadi zake chini kabisa, zina madoa ya soda. Jamani, uchungu ulioje! Hakumpiga mtu, hakumshtaki mtu, ila tangu siku hiyo hakukanyaga tamasha wala kugusa kiatu cha kaka yake, ndiyo maana mheshimiwa huvaa ndala hata mikutanoni, na alikuwa akisema malipo ni hapahapa duniani, yeye hana haraka.

Alianza kuugua figo mwaka 2021, akafariki Jumanne asubuhi, tarehe 6 Juni 2023, mkewe akiwa amemshika miguu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliochota maji na kupika, na mafundi wenzake waliofunga vibanda vyao leo.

Kaka mkubwa hashukuriwi, ana kazi. Marehemu ameagiza kwamba tukishamzika, kadi zote zikiwa ndani ya begi lilelile, kilo kumi na nane kamili, dada amelipima asubuhi kwenye mizani ya dukani, kaka alibebe mgongoni, kwa miguu, hadi makaburi ya zamani kule mlimani, asimame mbele ya kaburi la mama, azisome zote kwa kipaza sauti hikihiki, neno kwa neno, bila chumvi, nasi sote tutamfuata, na wa kucheka acheke. Kaka, begi lako liko pale mlangoni.

Pumzika kwa amani, Soli, leo mama anasomewa.