Jogoo wa Geresom

Benchi letu ni ubao wa kaunta. Duka lenyewe lilikuwa la vitambaa, likabebwa lote mwezi wa nne, zile siku askari wa serikali ya zamani wanakimbia Jinja na wakombozi wanaingia. Walichukua majora, mizani, mpaka bawaba za milango, wakaacha huu ubao kwa kuwa ni mzito na nje kulikuwa na risasi. Tukauweka juu ya matofali hapo barazani, na tangu siku hiyo ndio bunge letu. Ukingoni bado kuna misumari ya shaba ambayo mwenye duka alipimia yadi, nayo hutuchoma makalio kila asubuhi. Jumamosi ile, siku tatu kabla ya Krismasi ya mwaka sabini na tisa, tulikuwa sita ukimhesabu jogoo. Usiku walikuwa wamepiga bunduki upande wa Masese, hakuna aliyelala vizuri, na Zubairi, mwuza kahawa wetu, alitumiminia kahawa isiyo na sukari. Mji umezungukwa na miwa, sisi tunakunja uso. Mimi naitwa Karani, kwa kazi niliyowahi kufanya zamani, na kazi yangu siku hizi ni kusikiliza wajinga.

Jogoo alikuwa wa Geresom, fundi baiskeli, tunayemwita Spoku. Alimfunga mguu kwenye tofali, akaketi, akasimama, akalegeza kamba, akaketi tena. Kirunda, mwuza ngozi, tunayemwita Redio kwa kuwa anatoa habari saa zote na betri haiishi, hakuweza kuvumilia.

Redio: Hiyo jogoo umenunua wapi?

Spoku: Bugembe.

Redio: Ya nini?

Spoku: Bado sijajua.

Redio: Mtu ananunua jogoo, hajui ya nini. Wazee walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Maana yake, mgeni akija kwako, mufunge.

Odero, dereva wa lori wa kutoka Kisumu, tunayemwita Breki kwa sababu za kumfedhehesha, alicheka mpaka kahawa ikamwagika.

Breki: Na kile kitambaa nilikuletea wiki jana? Nacho hujajua?

Spoku alikuwa na gurudumu la baiskeli mapajani, akawa analizungusha na kukaza waya ambazo tayari zimekaza.

Mgeni wa benchi hili inabidi aelezwe. Miaka saba Geresom alikuwa katika dini ya Wangojaji, kikundi kidogo kilichoanzia vilimani huko Mbale. Wangojaji hawashiki bunduki, hawapigi saluti, na Krismasi kwao ni sikukuu ya wapagani. Hata kumwambia mtu heri ya Krismasi ni dhambi. Serikali ile ya wanajeshi ilipopiga marufuku dini ndogo ndogo, Geresom na kaka yake Wamboga walifungwa Mbale miezi mitatu, wakapigwa, hawakukana. Sasa serikali imekimbia, Wangojaji wanaimba mchana kweupe, na Geresom ndiye aliyetoka. Mwezi wa nane aliwaambia kwaheri, na hakutueleza sababu.

Breki: Wewe bana ni mtu wa ajabu. Wakikupiga, unakaa. Wakiacha kukupiga, unatoka.

Spoku: Ndiyo hivyo.

Redio: Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Zubairi: Hiyo imeingiaje hapo, Kirunda?

Redio: Imeingia yenyewe.

Spoku: Bwana zangu, mimi nataka mashauri, si kelele. Mke wangu Namukose anataka jibu leo. Anasema miaka saba kila Krismasi yeye anafunga mlango, anazima moto mapema. Sasa niseme: tunakula au hatuli. Na Wamboga ameleta barua toka Mbale. Nikichinja siku ile, yeye na mama hawatakula kwangu tena. Hata nikifa, hawatakuja.

Benchi letu halijawahi kukataa kutoa shauri. Kwamba wawili kati yetu, Zubairi na Redio, ni Waislamu, na mmoja, ambaye ni mimi, hajaingia kanisani tangu harusi yake, halikumzuia mtu.

Zubairi: Ndugu yangu, nani anachinja kuku wa Krismasi mtaa huu? Mimi. Mwaka juzi nilichinja arobaini na wawili. Hata watu wa kanisani wanaleta, ili jirani Muislamu akija naye apate kula. Sasa kuku nikishamsomea bismillahi, huyo ni kuku wa kwetu. Ukimla Jumanne, umekula kuku wa Kiislamu siku ya Jumanne. Krismasi iko wapi hapo?

Breki: Kwa hivyo mimi miaka yote nimekuwa nakula Uislamu?

Zubairi: Kwa mchuzi.

Breki: Hapana, mzee. Krismasi si kuku. Krismasi ni kufika nyumbani. Mimi tangu sabini na moja kila Krismasi iko barabarani. Akoth anaweka sahani, mimi niko Busia, forodha wamefunga. Nimekula nyama huko, nimeimba na polisi wa kizuizi, lakini Krismasi sijapata. Spoku asiende kwao Mbale. Ale hapa hapa. Hajasherehekea kitu.

Redio: Hapa ni kwake. Iko na mke hapa, iko na nyumba.

Breki: Basi apande lori langu na familia yake. Tunaenda tukila. Gari ikisonga hakuna sikukuu.

Spoku: Na ukisimama?

Breki: Sisimami. Unajua breki zangu.

Redio alijisogeza mpaka ukingoni mwa ubao, na hiyo ni dalili mbaya.

Redio: Nyinyi wote mumepotea. Jumanne si Krismasi. Sikiliza. Mwezi wa nne, ile mabomu, mimi nililala chini ya kitanda. Siku ngapi? Sijui. Nilipotoka nikauliza watu, leo siku gani? Mmoja anasema Jumanne, mwingine Alhamisi. Tukachagua Jumatano, tukaenda. Jinja yote inafuata ile Jumatano yetu. Kama tulikosea, Krismasi ilipita juzi, au inakuja wiki ijayo. Spoku, chinja. Hakuna mtu anajua unasherehekea nini.

Zubairi: Na Kisumu? Odero alikuja na tarehe yake.

Redio: Huyu alipita Busia. Busia kila kitu wanabadilisha. Siku za mwizi ni arobaini. Sisi tumebaki na ngapi?

Tulicheka. Hata Spoku alionyesha meno kidogo, na hapo ndipo Redio, kama kawaida yake akipata kicheko kimoja, akatafuta cha pili.

Redio: Lakini hawa Wangojaji walikuwa na akili. Breki, hujui hii. Wakati dini yao imefungwa, walisali wakijifanya wako na msiba. Watu kumi ndani ya nyumba, wanalia wee, askari akipita anatoa kofia. Ile mwaka nyumba ya Spoku ilikuwa na misiba tisa. Chifu akamuuliza, Geresom, kwenu amebaki nani?

Breki alijipiga paja. Zubairi hakucheka. Mimi pia sikucheka, kwa kuwa nilijua kinachokuja, na nilikuwa nimekikwepa tangu mwezi wa tatu.

Spoku: Na msiba ya kweli ilipokuja, hamkuja.

Gurudumu lilizunguka peke yake mapajani mwake mpaka likasimama.

Nitasema mwenyewe, kwa kuwa ukuta wa nyumba yangu ndio ukuta wa nyumba yake. Spoku na Namukose walikuwa na mapacha, Babirye na Nakato, miaka sita. Mwezi wa tatu surua iliingia, hospitali haina dawa, madaktari wamekimbia. Usiku Babirye alipofariki nilisikia Namukose akilia. Nikajigeuza kitandani nikamwambia mke wangu, jirani wanasali. Asubuhi nikaenda zangu. Babirye alizikwa na watu watatu, na Wangojaji wenzao walikuwa wametawanyika kwa vita. Kwa Wasoga haisemwi pacha amekufa, husemwa ameruka, lakini neno hilo zuri halijanisaidia. Naona aibu mpaka leo.

Redio: Geresom, mimi sikuwa najua. Mimi nilifikiri…

Spoku: Kila mtu alifikiri. Sikulaumu.

Zubairi: Ndiyo sababu umetoka kwenye dini?

Spoku: Hapana, mzee. Mimi nilitoka kwa sababu ya Krismasi ile nyingine, ya mwaka jana. Babirye alisimama mlangoni. Ameona mtoto wa jirani iko na gauni mpya, na riboni. Akaniuliza mimi baba yake, tata, sisi lini? Nikamwambia, sisi hatuna. Akauliza tena. Nikamtoa mlangoni, nikafunga.

Aliacha gurudumu, akainama kumtazama jogoo.

Spoku: Mimi ninyi mnanifundisha namna ya kula bila dhambi. Si hiyo naogopa. Nikila Jumanne, maana yake haikuwa dhambi. Na kama haikuwa dhambi, yule mtoto nilimnyima kwa nini? Nisipokula, basi nilikuwa na sababu, na nitashika sababu yangu. Lakini jana Nakato naye alisimama mlangoni. Hakuuliza kitu. Yeye haulizi.

Redio alifungua mdomo. Tulimwona akitafuta methali, akafika mpaka kwenye “wazee walisema”, akaufunga. Breki alisema “pole, ndugu”, na ilikuwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mtu kusema kitu kinachofaa.

Hapo ndipo alipokuja Nangobi, fundi cherehani wa kule nyuma ya soko, na kifurushi kwapani na mkasi umening'inia shingoni kwa kamba. Hakuwa mtu wa kijiwe. Hakujua tumesema nini.

Nangobi: Bwana zangu, inukeni kidogo. Kwangu meza ilichukuliwa na wale askari, nakata chini. Nyinyi mnakalia kaunta.

Tuliinuka wote. Akapangusa ubao kwa kiwiko, akafungua kitambaa, cha bluu chenye maua meupe madogo, kile cha Kisumu, akakivuta kwenye misumari ya shaba: yadi moja, yadi mbili, yadi tatu, na kidogo. Miezi minane tulikuwa tumekalia misumari ile, na sikumbuki kuiona ikifanya kazi.

Nangobi: Ssebo Geresom, uliniambia gauni ya mtoto, hukusema ngapi. Hii inatosha mbili, na riboni inabaki. Na mapacha kwetu hatuwashonei moja, hata kama mwenzake ameruka. Nikate moja au mbili?

Spoku alitazama kitambaa, akamtazama jogoo, akatazama barabara ya kwenda Mbale kana kwamba Wamboga angetokea pale kwa mguu. Alitutazama na sisi.

Spoku: Mbili.

Zubairi aliweka kikombe chini taratibu.

Zubairi: Jumanne, nikitoka kuswali alfajiri, niletee huyo jogoo. Nitaanza na wewe.

Spoku: Nitaleta, mzee.

Nangobi alitikisa kichwa kukubali, akapiga goti mbele ya ubao, akatia vidole kwenye mkasi.

Nangobi: Basi vizuri. Ya Nakato nilipima jana. Amerefuka, huyo mtoto, tangu mwezi wa tatu. Sasa amefika hapa.

Alionyesha kwa kidole kwenye ubao, msumari mmoja na robo zaidi.

Nangobi: Sasa hii ya Babirye. Nikate sawa na ya Nakato ya leo, au nikate kipimo kile alikuwa anavaa?

Alisubiri, mkasi wazi. Redio alitazama chini. Breki alijishughulisha na funguo za lori. Zubairi aliinamisha birika juu ya kikombe cha Geresom, yakatoka machicha. Tulibaki tumesimama wote, kwa kuwa benchi lilikuwa limejaa kitambaa.