Milango ya Moyo wa Onesphore

Mwaka ule wa 1964 waasi walikuwa wameshika Uvira, mpaka wa Kavimvira umefungwa, na nyembe mpya zimekwama ng'ambo, Bujumbura. Sylvestre kinyozi alibaki na wembe mmoja. Hakusoma shule, ila hakumficha mtu neno, na hasira zake zilikuwa karibu. Walikuwa wametoka tu kumzika mwenzao Onesphore. Kwenye benchi ya kahawa Sylvestre alikuwa akimpaka sabuni mvuvi Thaddée, waliyemwita Ndagala, yaani dagaa. Pembeni Octave Dwani, karani wa dwani, yaani forodha, asiye na kazi tangu mpaka ufungwe, alishika kikombe bila kunywa.

— Munganga wa hospitali anasema milango ya moyo yake ilioza, akasema Octave.

— Moyo iko na milango? akauliza Sylvestre.

— Iko nayo. Damu inapita, mulango unafunga. Kama pale dwani. Mulango ukiwa mubovu, magendo inaingia.

— Basi ni mulozi alimuroga, akasema Thaddée, povu mdomoni. Aliingia, akaacha wazi.

— Ao ni machozi, akasema Octave. Tangu vita ianze alilia sana. Mbao ikilowa inaoza.

— Moyo si kabati, Octave, akafoka Sylvestre. Munganga alisema nini? Sema vile alisema.

Octave akaweka kikombe chini.

— Alisema utotoni Onesphore alishikwa na homa, magoti ikavimba. Ile homa njo iliharibu milango. Sasa juzi uchafu ukaingia mu damu. Jino bovu, sindano chafu, ao kidonda, yeye hajui. Ukafika kwa milango mibovu, ukakaa.

Thaddée akashika goti lake.

— Minye pia, utotoni, magoti ilivimba. Kule Nyakabere, majira ya mvua nzima sikutembea.

Sylvestre akachukua ule wembe mmoja.

— Lakini weye hauna kidonda, akasema Sylvestre, akaanza kunyoa.

Léocadie, mjane wa Onesphore, alikuwa amefika bila kusalimu.

— Shemeji Sylvestre. Ile siku walichanjwa dawa ya kugeuza risasi maji, bwana yangu na huyu Thaddée na wengine, wembe ilikuwa ya nani?

Sylvestre angeweza kusema hajui.

— Yangu, shemeji. Tulipanga mustari. Minye njo nilichanja, na wembe ile moja, mutu kisha mutu.

Thaddée akagusa kifua chake, pale chale zilipokuwa bado nyekundu.

— Na sasa hiyo wembe iko wapi? akauliza Léocadie.

Mkono wa Sylvestre, na wembe ule ule, ulikuwa umesimama shavuni pa Thaddée, na sabuni ilianza kukauka.