Gari la Harusi Lisilo na Paa

Shilingi laki moja na elfu themanini, ng'ombe mmoja wa maziwa, na bonasi tatu za majani chai ambayo sikupanda mimi. Hiyo ndiyo bei ya gari ambalo wengi wenu mlilicheka na wachache wenu mlilipanda. Mwenye kalamu ataniambia nimehesabu pesa moja mara mbili, kwa kuwa hizo laki zilitoka kwenye hayo majani. Ni kweli. Iliniuma mara mbili.

Mwenyekiti, mama mweka hazina, ndugu zangu wa chama chetu cha akiba na mikopo, nashukuru kwa nafasi. Nimeambiwa nisitaje mtu kwa jina, na sitataja. Hata lile gari sitalitaja, maana jina lililoandikwa juu yake lilikuwa la uongo.

Mnanijua. Nimeuza ng'ombe wa Chebunyo, nimeuza mbao, baiskeli, mabati yaliyotoboka na yasiyotoboka. Mtu akinitajia bei mimi huchukulia kama salamu: namwitikia, halafu ndiyo tunaanza kuongea. Basi mwaka mmoja katika hii miaka ya tisini, bonasi ya majani, ile ya kila mwaka, ikiwa nzuri na kila nyumba ina harusi, nilienda Nakuru kwa shughuli zangu nikaona bibi harusi ameketi ndani ya gari dogo la mbio la zamani. Viti viwili, rangi nyekundu, juu wazi kabisa. Watu walimwacha bwana harusi wakapigia gari picha. Huku kwetu maharusi walikuwa wanabebwa na pikapu iliyofungwa riboni. Nikaona biashara.

Nilikuwa na rafiki, mtu wa kuunganisha watu na vitu. Nilipomweleza alicheka, akasema, "Mzee, una bahati. Magari ya namna hiyo yako mawili, na yote yanauzwa. Moja orijino, moja kopi."

Orijino lilikuwa la meneja mmoja Mzungu wa shamba kubwa la chai upande wa Kericho, aliyekuwa anarudi kwao. Tulilikuta kwenye banda, limefunikwa blanketi. Niliweka mkono juu ya mlango: chuma, baridi kama chuma. Viti vya ngozi vilikuwa na harufu ya zamani. Nilikuwa tayari nimeanza kutafuta makosa ya kupunguzia bei, na nilikuwa nimepata matatu, wakati rafiki yangu aliponivuta kando.

"Wewe ngoja hapa kwa ua," akasema. "Mzungu akiona mnunuzi ana gamubuti atajua umetoka kwa majani, atapandisha. Mimi nitaongea na yeye Kiingereza."

Ndugu zangu, nawaambia, mimi hununua hata chumvi kwa kubishana. Siku hiyo nilisimama kando ya ua kama mtu anayesubiri choo. Nikaona vichwa viwili vinatikisika kwa mbali. Rafiki yangu akarudi ameinamisha uso.

"Laki nne. Hashuki hata shilingi."

Laki nne sikuwa nayo hata ndotoni. Tukaenda kuona kopi. Hilo lilikuwa Nakuru, kwa fundi mmoja wa gereji. Alikuwa amechukua Vokswageni kuukuu, akaitoa mwili wote, akaivalisha mwili wa fiberglasi aliouchonga kwa kufuatisha picha. Ukisimama hatua kumi huwezi kujua. Ukisimama mbili unajua, lakini nani husimama hatua mbili kutoka kwa gari siku ya harusi? Aliitisha laki mbili na ishirini.

Nililala siku tatu na hayo magari mawili kichwani. Orijino likiharibika, spea zatoka Ulaya. Kopi likiharibika, spea ziko kila kona. Orijino lina jina. Kopi lina sura. Rafiki yangu akaniambia, "Mzee, jina ni la wazungu. Watu wetu wanataka picha. Umewahi kuona picha ikiuliza injini?" Nikamuuliza fundi wa baiskeli, nikamuuliza kinyozi, nikamuuliza mhubiri mmoja. Wote walisema kopi. Nikahesabu tena, nikaona hata hesabu inasema kopi.

Tukarudi kwa fundi. Hapo sasa nilikuwa nyumbani. Nilibishana na yule mtu kutoka asubuhi mpaka chai ya saa kumi. Aliposema hawezi kushuka tena, nikaliona turubai limekunjwa nyuma ya viti pamoja na vyuma vyake.

"Hiki ni nini?"

"Paa. Ya kufunika mvua ikinyesha."

"Toa. Punguza bei."

Akaniangalia. "Wewe si umesema unatoka Kericho?"

"Toa, punguza."

Akatoa, akapunguza. Laki moja na themanini. Nilitoka pale nikijiona mwanaume.

Mnacheka. Lakini mjue ulikuwa mwezi wa Januari. Mnakumbuka Januari yetu: jua linachoma mpaka majani yanakataa kuota, barabara ni vumbi tupu, mtu anasahau kwamba anaishi mahali ambapo miezi mingine mvua huja kila siku baada ya chakula cha mchana kama mtu aliyeajiriwa. Mzaliwa wa huku, baba na babu, niliuza paa kwa sababu jua lilikuwa linawaka.

Sasa pesa zilitoka wapi. Hapa ndipo huwa natafuta maji ya kunywa.

Tulikuwa na ekari mbili za majani chai. Mama watoto aliyapanda mwenyewe, miche aliibeba mgongoni, wakati mimi nilikuwa nikizunguka na ng'ombe za watu. Lakini namba ya mkulima, ile ya kupimia majani na kulipwa, ilikuwa kwa jina langu, kama ilivyo katika nyumba nyingi zilizo hapa. Nilimwendea tajiri mmoja nikamkodishia hayo majani, bonasi tano, yaani miaka mitano, akanipa pesa mkononi. Mama watoto alijua siku gari lilipoingia bomani. Alilizunguka, akaligonga kwa kidole.

"Inalia kama jerikeni," akasema. Halafu: "Umetoa pesa wapi?"

Nilipomwambia, hakulia wala hakupiga kelele. Aliingia jikoni akafunga mlango. Heri angenitukana.

Harusi za kwanza zilikuwa tamu. Niliwaambia wateja kwamba hilo ndilo gari la yule meneja Mzungu. Ulikuwa uongo, lakini uongo ulikuwa unalipa kuliko ukweli. Nilivaa glavu nyeupe. Watoto walinikimbilia. Ikaja Agosti, shule zimefungwa, harusi kila Jumamosi, nikaitwa upande wa Kimulot, kule karibu na msitu.

Mchungaji aliomba sana siku hiyo. Tulipotoka kanisani wingu lilikuwa limekaa juu ya mlima, jeusi tii. Bibi harusi akaketi karibu nami na lile gauni, limejaa gari lote mpaka sioni gia. Hatujafika kwa kona ya kwanza, mvua ikafunguka. Wamama wa kwaya walitufuata wakikimbia na karatasi ya nailoni ya kufunikia magunia, wakitufunika huku wakiimba, mpaka mteremko ukawashinda. Udongo mwekundu ule, mnaujua. Nikashika breki, gari likakataa, likaenda kando taratibu kama mtu anayeketi, likaingia ndani ya majani chai. Hakuna aliyeumia. Lakini pembe ya mbele ilivunjika vipande, na maji yalikuwa yamejaa ndani mpaka viatu vya bibi harusi vinaelea.

Mjomba wake akaokota kipande. Akakigonga kwa kifundo. Akakiinua watu wote waone.

"Hii ndiyo chuma ya Ulaya?" akasema. "Hii ni beseni! Mtoto wetu amebebwa na beseni!"

Wazee waliketi wiki iliyofuata. Walisema nitoe ng'ombe mmoja, wa gauni na wa aibu, kwa sababu ajali ni ya Mungu lakini uongo ulikuwa wangu. Nilifungua mdomo nibishane. Mzee mmoja akasema, "Ukiongeza neno watakuwa wawili." Nikafunga mdomo. Ng'ombe alitoka zizini asubuhi, watoto wakanywa chai ya rangi jioni.

Baada ya hapo hakuna aliyeniita tena. Na siku moja nikipita kituo cha kuuzia majani, nikamwona mama watoto kwenye foleni na kikapu mgongoni. Karani akauliza namba. Akataja namba ya yule tajiri. Alikuwa kibarua. Alikuwa anachuma majani yake mwenyewe, anayapima kwa jina la mtu mwingine, analipwa kwa kilo. Alikuwa amefanya hivyo miezi, na mimi sikuwa najua unga nyumbani unatoka wapi.

Asubuhi yake nilichukua kikapu.

"Unaenda wapi?" akaniuliza.

"Kuchuma majani."

"Majani ya nani?"

Nilimfuata tu. Wamama kwenye mistari walinipokea vizuri sana: "Karibu, dereva! Hapa ni majani mawili na kichipukizi, usibishane na mti!" Nilichuma mpaka vidole vikawa vyeusi. Nilipunguziwa kilo kwa sababu ya majani magumu, na kwa mara ya kwanza nililipwa bila kubishana.

Ndipo siku moja Bomet nikaona orijino. Lilikuwa limebeba bibi harusi, limefunikwa na paa lake, mvua inanyesha, yeye mkavu anapunga mkono. Mwenyewe ni mama mmoja mfanyabiashara. Nikamuuliza kama kweli alitoa laki nne. Akashangaa.

"Laki nne? Mzungu alikuwa anataka laki mbili. Nikamlilia kidogo akashuka. Akaniambia kuna mtu alikuja kabla yangu, akasema mteja wake ameona gari ni bovu, hataki."

Nilirudi nyumbani nikichemka. Nikamweleza mama watoto yote: yule rafiki, ule ua, komisheni aliyokula kwangu na kwa fundi. Nilitaka akasirike pamoja nami. Aliendelea kuchambua mboga.

"Uliuliza kinyozi gari lipi," akasema. "Uliuliza mpaka mhubiri. Hata ungenunua hilo lingine, ungelinunua na majani yangu. Mimi hukuniuliza kitu."

Hapo, ndugu zangu, ndipo nilianguka kweli, na ndipo nilianza kuamka. Nilikwenda nikahamisha namba ya mkulima ikawa kwa jina lake. Yeye ndiye aliyejiunga na chama hiki, si mimi. Yeye ndiye aliyesimama mbele yenu akaeleza bila kuficha, na nyinyi mkamkopesha, tukakomboa bonasi mbili za mwisho kutoka kwa yule tajiri. Kwa hiyo nawashukuru, hasa wamama wa ile mistari, mliomfundisha mwanaume mzima kuchuma. Mkopo umelipwa wote. Majani yamerudi.

Funzo langu ni fupi. Mtu asikubali kubishaniwa bei. Na kabla ya kuuliza kitu kipi ni orijino, uliza pesa unayoshika ni ya nani.

Limebaki jambo moja. Rafiki yangu yuko humu ndani, amejiunga mwezi uliopita, na namwona ameangalia dirishani tangu hadithi yangu ilipofika kwa Mzungu wa Kericho. Ndugu yangu, sitakutaja. Wewe hunidai kitu nami sikudai; wewe ulinidanganya mimi, mimi nikadanganya wateja, tukalingana. Lakini zizi la mama watoto halina ng'ombe mpaka leo. Mlete mtamba mmoja, anayekaribia kuzaa. Mlete mchana, kwa barabara kubwa, na usiniite mimi nje. Bisha mlango wake, umwambie wewe mwenyewe ni wa nini.