Kibao Kilichokuwa Kikikwama

Mshonaji hakupanda treni kusikiliza ya watu, lakini masikio hayana vifungo. Mbele yake alikaa fundi wa piano na mfuko wake wa vyuma, kando ya mama mmoja mwenye kompyuta mapajani. Walikuwa wamejuana kwa vituo viwili tu. Fundi alivua vipokea sauti vya masikioni alivyoazimwa na mama asikilize piano iliyo ndani ya kompyuta, akavirudisha taratibu kama mtu aliyetoka kutoa pole.

"Ni piano kabisa, mama. Hata mlio wa kanyagio nimeusikia. Lakini picha ya chakula haishibishi."

"Picha gani, fundi? Hii ni ileile ya marehemu mume wangu. Kabla mchwa hawajaimaliza, watu wa programu hii ya piano walikuja wakairekodi kibao kimoja kimoja."

"Sauti, sawa. Na vidole je? Haikuwa na kasoro yake?"

"Kibao kimoja cha katikati kilikuwa kikibonyezwa hakirudi. Alikuwa akikiinua kwa kidole cha mwisho huku anaendelea kupiga. Nami akanifundisha. Kwenye programu wamekinyoosha."

"Umeona sasa?"

"Nimeona nini? Napiga bila shida!"

Mshonaji, ambaye cherehani yake humtii yeye peke yake, alitamani kuunga mkono, ila hakujua upande upi.

Treni ikasimama. Mama alifunga kompyuta, akaikumbatia akisubiri mlango, vidole vikipiga wimbo kimyakimya juu ya mfuniko. Mshonaji alikiona kidole cha mwisho kikichomoka, kikainua kitu ambacho hakikuwepo, kisha kikaendelea na wimbo.